Kumsimamisha Mkwe

Ukiwauliza watu wa kwetu kama wamefahamu, wamefahamu. Simama mbele yao, sema mambo ambayo hata wewe mwenyewe hujayaelewa sawasawa, kisha uliza, "Mmefahamu?" Wataitikia wote kwa pamoja, "Tumefahamu, mwalimu," na wengine watakuongezea na ahsante juu yake. Wala hawasemi uongo. Ni adabu tu. Mtu kusema hajafahamu ni sawa na kukwambia hujui kusomesha, na nani atakutia aibu hiyo mbele za watu, asubuhi yote hiyo, chai yenyewe hujanywa?

Mimi nimezaliwa Likoni na nimelelewa katika adabu hiyo hiyo, na riziki yangu naipata kwa kuwafundisha watu wazima kazini mwao: madereva wa mashine, wafunga mizigo, walinzi wa mageti, yeyote yule ambaye kampuni inataka afundishwe asije akaumia au akaumiza. Kwa hiyo hilo neno "tumefahamu" limenitesa sana. Tena mimi si mtu wa kutulia. Kiti hakipati moto chini yangu. Mume wangu hunitania kwamba nikipika huwa nimekwenda kwa miguu kutoka Mikindani hadi Miritini na kurudi, na jikoni sijatoka.

Basi nikaacha kuuliza. Nikawa nasema, "Nionyeshe." Mtu akikuonyesha hawezi kukustahi, mikono haina adabu ya kinafiki, ama inajua ama haijui. Nikaacha na mambo ya projekta baada ya chakula cha mchana. Mtu ametoka kuswali adhuhuri, amekula wali wake wa nazi na samaki, feni inamzungushia hewa ile ile ya moto, halafu wewe uzime taa uanze kumsomea maandishi ukutani? Huko ni kumbembeleza alale. Saa hiyo nawatoa nje, juani na kelele zake, na atakayelala alale amesimama.

Wenzetu wa bara, ambao Changamwe wamejaa viwandani na kwenye mayadi, wao huuliza. "Madam, hapo umetuacha, hebu rudia." Nawapenda kwa hilo. Lakini wakishaanza wao, wazee wa pwani huzidi kunyamaza, wasije wakaonekana wanagombea kusema. Maswali ya wazee huja mlangoni, kikao kimekwisha, mkono wako bado umo mkononi mwao na salamu za nyumbani zimeshaulizwa zote: "Sasa mwalimu, lile jambo lako la asubuhi, hebu..." Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Nimejizoeza kukaa mlangoni, na kukaa huko kwangu ni adhabu, maana miguu inataka kuondoka.

Nayasema haya yote ili ijulikane kwamba siku nilipoitwa kwenye ile yadi ya makontena matupu, upande wa kuteremkia Kipevu, nilijiona najua kazi yangu.

Msimamizi wa yadi alinipokea ofisini kwake, na ofisi yenyewe ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha. Alikuwa mtu wa bara, mwepesi wa maneno, simu haimtoki sikioni. Aliniambia kwamba kontena lililobebwa na mashine lilikuwa limemkosa mfanyakazi mmoja kidogo tu, kofia ikamvuka kichwani. Kazi ilikuwa ya watu wawili. Dereva yuko juu ndani ya mashine na kontena limemziba mbele, na akirudi nyuma haoni anayekatiza. Chini, pembeni anapoonekana na dereva, kuna mtu wa ishara, ambaye ndiye macho yake. Akiona hatari huinua mkono juu, kiganja wazi kikimtazama dereva, na dereva anasimama papo hapo. Siku hiyo mkono haukuinuka mpaka mtu alipopiga kelele.

"Madam, mimi naona shida ni huyu mzee," akasema. "Amezeeka. Tuseme ukweli, macho imeenda. Nakupa mpaka Ijumaa. Kama hawajakuwa sawa, mzee nampeleka geti akae akifungua na kufunga."

Nilitoka kwenda kumwona huyo mzee wa kufungua na kufunga. Alikuwa anapangusa vioo vya mashine yake kwa kitambaa cheupe, taratibu, kona kwa kona. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kwetu wapi, na nilipomtajia akakuta anawajua jamaa za mamangu. Yeye alikuwa wa Mtongwe. Aliniambia mashine ile aliipokea ikiwa mpya na yeye ndevu nyeusi, na sasa, akasema, ndevu zimekuwa nyeupe na mashine imekuwa nyeusi kwa moshi, kila mtu amechukua cha mwenzake. Nikacheka. Sikuweza kumfikiria mtu yule kwenye kibanda cha geti. Lakini pia niliona jinsi wafanyakazi wanavyokatiza nyuma ya mashine hiyo siku nzima. Kama mzee alikuwa hafai, basi kumwacha pale ni kumwua mwana wa mtu.

Nilianza na vikao vya darasani, nikawapa kila mmoja zamu ya kuonyesha. Mtu wa ishara wa mzee alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alizionyesha ishara zote bila kukosea hata moja. Inua, shusha, kulia, kushoto, simama. Mkono wake wa kusimamisha ulinyooka vizuri mpaka nikawaambia wengine wamtazame yeye. Nikasema moyoni, basi, kweli ni macho ya mzee.

Tukatoka nje. Nilichukua dumu la maji nikaliweka mahali ambapo mtu angeweza kuwa amesimama, nyuma ya kontena. Nikawaambia, hili dumu ni mtu, ana mke na watoto, msimponde. Mashine ikaja, mzee ndani. Nilikuwa namtazama mtu wa ishara, si mashine. Aliliona dumu mapema kabisa. Mkono ukaanza kupanda, ukafika kifuani, ukakaa hapo. Vidole vikajikunja. Akageuza uso pembeni kidogo. Dumu likapasuka na maji yakanirukia mpaka kwenye viatu.

"Tena," nikasema. Tena ikawa vile vile.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika natembea. Nikaizunguka ile yadi nzima, malori yananipigia honi. Niliporudi nikawaomba wabadilishane. Nikampandisha dereva mwingine, kijana wa bara aliyeazimwa kutoka zamu ya jioni, na chini akabaki yule yule mpole. Dumu halijakaribiwa, mkono uko juu. Kisha nikampandisha mzee, na chini nikamweka mtu mwingine. Mkono uliponyanyuka tu, mzee akasimamisha mashine hata vumbi halikuruka. Macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Kila mmoja peke yake alikuwa hodari, na wakiwekwa pamoja ni ajali.

Jibu nililipata wakati wa chai. Yule mpole alikuwa amekaa kwenye benchi na mahamri yake mkononi. Mzee akaja. Mara yule mpole akainuka, akamwachia benchi zima, akazunguka nyuma ya kontena kumalizia chai yake huko, mgongo ametupa. Nikamfuata.

"Yule mzee ni nani wako?"

Akatazama chini. "Ni mkwe wangu, mwalimu. Nimemwoa mwanawe."

Hapo nikataka kujipiga makofi. Nani asiyejua habari za mkwe? Mume wangu mwenyewe alikaa muda mrefu bila kula mbele ya mamangu. Mama akiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Mkwe humkodolei macho, humkalii benchi moja, humpazii sauti. Na sisi tunamwambia mtu huyu amwinulie mkwe wake kiganja usoni, mbele za watu, amwamrishe asimame, tena siku nzima. Kichwa chake kilishajua ishara zote. Ni mkono uliokuwa unamstahi baba wa mkewe.

Nikaenda kumweleza msimamizi. Alisikiliza, hata simu akaiweka kando, nikapata moyo. Kisha akasema, "Sasa si tuwatenganishe tu?"

"Utawatenganisha leo, kesho mmoja anaumwa, wanakutana tena. Na mtu wa ishara wa ziada huna zamu ya asubuhi, umeniambia mwenyewe."

"Basi mzee aende geti. Mimi nataka mtu akisimamishwa asimame. Mambo ya harusi wamalize nyumbani. Ni Ijumaa, Madam."

Nilirudi nyumbani sina raha. Nilikata vitunguu nikavisahau, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaanza kufua kitu kilichokwisha fuliwa. Mume wangu akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwuliza mimi, "Hivi wewe ulianzaje kula mbele ya mama?"

Akatabasamu. "Aliniamrisha. Siku hiyo naondoka zangu kama kawaida, akaniita. Akasema, 'Njoo uketi hapa. Leo n'nataka ule mimi nikuone.' Sasa ningemkatalia mkwe?"

"Uliona haya?"

"Wallahi tonge halikuteremka. Lakini kutokula ndiko kungekuwa utovu wa adabu, maana kashasema."

Nilimwacha na sahani yake nikaanza kuzungukazunguka sebuleni, safari hii kwa furaha. Heshima nisingeweza kuivunja, wala sikutaka. Kama hawezi kumsimamisha mkwe, basi mkwe amwagize amsimamishe. Kisha kuinua mkono kuwe ndiko kumtii.

Asubuhi nilimkuta mzee kwenye vioo vyake. Sikujua nianzie wapi. Akanisaidia yeye mwenyewe, maana alianza kulalamika.

"Yule mtu wangu wa ishara ni mtu mwema. Lakini mzito. Hata binti yangu nimemwambia, mumeo mwema lakini mzito."

"Si mzito, baba. Anakustahi."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kwa mapana na marefu, jambo ambalo kwa tabia yangu ni kazi ya sulubu. Alikuwa anapangusa, kisha akaacha kupangusa. Kitambaa kikabaki kimeshikwa kwenye kioo.

"Yaani yule wa kofia," akasema, "nilitaka kumwua kwa heshima yangu?"

Nikamwambia ninachokitaka. Kabla ya kuwasha mashine, ateremke, amsalimie mwenzake, na aseme kwa kinywa chake mwenyewe, "Ukiona jambo, nisimamishe." Nikamwambia hatakuwa peke yake, wote watafanya hivyo, ni kanuni ya somo langu.

Alinitazama kama nimemwomba avue shati barabarani. "Mwanangu, mimi nimwombe mkwe wangu aniinulie mkono? Wenzangu wakanitazama?" Akakikunja kitambaa chake, akaniaga kwa adabu zote, akaenda zake.

Nikaifanya kanuni hivyo hivyo. Madereva wa bara waliifanya huku wakicheka. Mmoja alimwambia mwenzake, "Nisimamishe, mkubwa, ama bibi yako abaki mjane," na yadi nzima ikaangua kicheko. Sikuwakataza. Maneno yalikuwa yanatoka, na niliona mikono inapanda mapema zaidi kuliko jana, hata kwa hao ambao si wakwe wa mtu. Niliona hata vijana waliokuwa wanawaogopa madereva wakubwa wananyoosha kiganja bila kutazama pembeni. Ikanijia kwamba nimefundisha ishara miaka yote, na ruhusa ya kuzitumia sijawahi kumtaka mtu aitoe.

Lakini mzee alipanda kwenye mashine yake bila kusema neno. Na siku ya pili akapanda hivyo hivyo. Dumu likapasuka tena. Msimamizi alikuwa mlangoni mwa ofisi yake, akanionyesha saa yake ya mkono akarudi ndani.

Niliogopa, nasema kweli. Nilimwogopea mzee na kibanda chake cha geti, nikawaogopea wanaopita nyuma. Nilifika mahali nikajiambia kama Ijumaa hawakuwa sawa, nitakuwa wa kwanza kusema mzee ateremshwe, na sitaweza kumtazama tena mtu wa Mtongwe machoni. Msomeshaji anapenda kujisifu kwamba kila mtu anafundishika. Siku hizo mbili sikuwa na hakika.

Ijumaa watu walikuwa wameshajipanga kila mmoja na mwenzake. Mzee akaja amevaa kanzu yake ya kwendea msikitini, ameikunja ndani ya ovaroli, kola imetokeza. Akaweka mguu kwenye ngazi ya mashine. Akautoa. Akatembea mpaka alipo mkwe wake, na yule masikini akaanza kurudi nyuma kinyumenyume, kama kawaida yake.

"Simama hapo hapo," mzee akamwambia. Hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama tairi. "Salaam alaikum."

"Wa alaikum salaam, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Leo n'nakwambia mbele ya hawa wote. Ukiona jambo, nisimamishe. Umenisikia? Usiponisimamisha hukuniheshimu."

Mkwe akainamisha kichwa. Mzee akapanda, akawasha.

Tulianza na kontena, dumu tukaliacha. Mashine ilinyanyua, ikarudi nyuma, ikageuka. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda salama, hakuna aliyekatiza. Nilikuwa siwezi kusimama mahali pamoja. Msimamizi akaniambia nitulie, ninamtia kizunguzungu. Ndipo mkono ukaruka juu. Ulipanda wote, umenyooka, kiganja wazi kinamtazama mkwe usoni.

Mzee akafunga breki. Mashine nzima ikapiga kishindo, kontena likayumba, minyororo ikalia. Watu wote wakageuka.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kizibao cha kung'aa ambacho mmoja wao alikitundika kwenye kona ya kontena, na upepo ulikuwa umekipuliza kikajaa kama kina kifua ndani yake.

"Ni nguo," msimamizi akasema, akasonya. Nyuma yangu mtu akacheka. Yule mpole alikuwa bado ameinua mkono, uso umemwiva. Nami nikaganda, mimi nisiyeganda. Kwa maana nilijua kwamba mzee akimkaripia sasa, kwa kusimamishwa mbele za watu kwa ajili ya nguo, mkono ule hautainuka tena maisha yake yote. Akipiga honi ya hasira tu, basi. Akitikisa kichwa tu, basi. Kila nililolifanya wiki ile lilikuwa kwenye mdomo wa mzee mmoja, na mimi sikuwa na neno la kumpa.

Mlango wa mashine ukafunguliwa. Mzee akatoa kichwa nje, akakitazama kile kizibao, kisha kwa mara ya kwanza nikamwona anamtazama mkwe wake machoni.

"Ahsante, baba," akamwambia. "Hivyo hivyo."

Akafunga mlango. Aliyekuwa anacheka akanyamaza. Mashine ikaendelea na kazi, msimamizi akaingia ofisini kwake, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya lori moja nikalia kidogo, kwa sababu mtu kulia mbele za anaowasomesha si vizuri.

Waliporudi kutoka msikitini wakashika kazi tena. Alasiri mkono ule ukainuka mara ya pili, mashine ikasimama. Safari hii nyuma yake palikuwa na mtu, ameinama anafunga kamba za kiatu. Alimaliza kufunga, akainuka, akaenda zake hata hajui.